Mchanga wa Kilo Sitini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi wazee wawili mliokuja na makoti ya ngozi katika jua hili, familia imekaa na kukubaliana kwamba historia ya marehemu kaka yetu isomwe na mdogo wake wa kike, shangazi wa watoto, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wa mama yao, na kwa sababu, kama alivyosema mtoto wa kwanza wa marehemu, akinyimwa kusoma atasema hata hivyo. Basi huyu hapa amesimama mbele yenu, miwani ni ya kuazima, na anaomba mmvumilie pale sauti itakapomgomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yao akiwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama yao akiwa mama wa nyumbani, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na reli. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupima, mkate ukigawiwa hakulia kwamba wake ni mdogo, bali alikiweka kipande chake kwenye kiganja kimoja na cha mdogo wake kwenye kingine, akafumba macho, kisha akasema kwa upole kwamba hivi haviko sawa, na mama yao, ambaye hakuwa na subira na mambo hayo, alimwambia ale kabla havijawa sawa kwa kutokuwepo.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1970, ambako alifaulu vizuri hesabu na kuanguka vibaya kuimba. Mwaka huohuo baba yao alifariki, na marehemu aliacha masomo kwa hiari yake ili wadogo wasome, jambo ambalo hakulizungumzia tena maisha yake yote, wala hakumdai mtu shukrani, ingawa mdogo wake anayewasomea hapa alimshukuru na alisomeshwa na mikono yake.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha saruji kama karani wa mizani, kazi aliyoifanya katika kibanda kilekile cha vioo getini hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Wanaokijua kibanda hicho wanajua kwamba kilitosha mtu mmoja, stuli moja na feni moja iliyogeuza vumbi upande na kulirudisha, na kwamba malori yalipanda mizani mbele yake, yakapimwa yakiwa matupu, yakapimwa tena yakiwa na mzigo, na dereva akanyoosha mkono dirishani kupokea karatasi yake. Kwa miaka arobaini kaka yetu aliijua mikono ya watu kuliko nyuso zao, akiwa hapohapo getini ambapo kila mtu anapita na hakuna anayekaa, na huko ndiko alikopewa jina la Mizani, kiasi kwamba wengi wenu hamjui kama alikuwa na jingine.

Na sasa tunaingia kwenye ile habari ambayo kama isingesomwa leo, wazee wa makoti wangeondoka na hasira. Mwezi Juni 1976 lilipanda kwenye mizani lori la vyuma chakavu vilivyokuwa vinakwenda kuyeyushwa, na juu ya rundo la mabati na mabomba marehemu akaona pikipiki ya mwaka 1949, silinda mbili, imelaliana na kigari chake cha pembeni, kile cha gurudumu moja ambacho abiria hukaa chini kama yuko ndani ya beseni. Alilipima lile lori, akamwomba dereva ashushe chuma kile, akalipima lori mara ya pili, na tofauti ndiyo aliyoilipia, kwa bei ya chakavu, akaisukuma pikipiki nyumbani kwa mkono, na mama yao alipofungua mlango akamwuliza kama mshahara ndio umekuja kwa sura hiyo.

Alikaa nayo miaka miwili akiifungua na kuifunga, alisugua kutu kwa msasa hadi vidole vikatoka ngozi, kabureta aliifumua sebuleni juu ya gazeti, na vipuri ambavyo havikuwepo duniani alichongewa na mchomeleaji mmoja ambaye tangu hapo alikuwa rafiki yake na leo yuko nasi hapa. Kwa kuwa pikipiki ilimzidi umri kwa miaka miwili, marehemu alikuwa akiiamkia, kila asubuhi kabla ya kupiga kiki ya kuiwasha lazima aseme "Shikamoo," na mchomeleaji aliapa kwamba siku isipoamkiwa haiwaki. Tangi lilikuwa jeusi lenye mstari wa dhahabu, na chini ya injini aliweka sinia la kukinga oili, kwa maana chuma cha namna ile huvuja, na siku kisipovuja ujue hakina kitu ndani.

Kiti cha kigari kilikuwa kimeoza, hivyo Machi 1978 marehemu alikipeleka kwa fundi cherehani aliyeshona sare za kiwandani, msichana mpole wa maneno machache, ambaye alikigeuzageuza kile kiti, akauliza, "Na humu atakaa nani?" Marehemu, ambaye hakuwahi kuwa na jibu la haraka katika maisha yake, siku hiyo alikuwa nalo, akasema, "Wewe, kama kitakuenea." Kwa kifupi alipeleka kiti akarudi na mchumba, na wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1978, bibi harusi akiletwa ndani ya kigari hicho, shela limefungwa kwa mpira wa baiskeli lisiingie kwenye spoki. Wifi huyo hakuwa na makuu, na wifi yake aliyesimama hapa, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, alishindwa ndani ya wiki moja.

Katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1980, ambaye ni mwalimu, na wa kike aliyezaliwa tarehe 27 Mei 1985, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa, na ambaye kabla ya kujua kusuka nywele zake mwenyewe alikuwa ameshafundishwa na baba yake kuendesha pikipiki ile katika uwanja wa malori.

Wapenzi wenzake wa pikipiki za zamani walikuwa tisa, wakijiita Wazee wa Kiki hata walipokuwa bado vijana, na walikutana kila Jumapili asubuhi kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, pale mji unapoishia. Hawakusalimiana kwa hujambo, walisalimiana kwa "Imewaka?" na jibu la kila mmoja lilikuwa "Kwa ya tatu," hata kama mtu ametoka kwake jasho limempitiliza hadi soksi baada ya kiki ya kumi na tano, na mwenye pikipiki ya kubonyeza kitufe waliweza kumpa chai lakini si heshima. Kutoka hapo walipanda mlimani, marehemu akiwa wa mwisho kwa sababu ya kigari, mkewe ubavuni kushoto amefunga kitambaa, na walipofika juu, pale barabara inapolikaribia bwawa upande wa kulia, marehemu alipunguza mwendo, akanyoosha mkono na kupaza sauti, "Unaliona?" na mkewe akajibu, "Naliona, zuri!" Hivyo ndivyo walivyofanya Jumapili zao kwa miaka ishirini na tano, na mdogo wake alipokaribishwa apande naye walau mara moja, alisema hawezi kukalishwa chini kama sufuria huku magari yanapita juu ya kichwa chake.

Mwezi Machi 2004 wifi yetu alianguka akiwa kwenye cherehani, sare ya mtoto wa jirani ikiwa imeshonwa mkono mmoja, na Jumanne tarehe 9 ya mwezi huo akafariki hospitalini kwa shinikizo la damu. Marehemu hakulia mbele za watu, alirudi kazini, akapima malori yake, na watu wakasema amejikaza, na waliosema hivyo walikuwa wamekosea sana.

Jumapili tarehe 16 Mei 2004 alitoka tena na wenzake kwa mara ya kwanza, na hapo akafanya kosa ambalo mpanda pikipiki ya kawaida hawezi kulifanya hata akitaka. Kigari kikiwa na mtu hukaa chini, kikiwa kitupu, ukikata kona ya upande wake kwa mwendo uleule, gurudumu lake hunyanyuka, na kaka yetu alikuwa anaijua kona ile ya kushoto ya njia ya mlimani kwa mwili wake wote, lakini mwili huo ulikuwa umeizoea ukiwa na mke. Aliikata kama alivyoikata miaka yote, kigari kikanyanyuka hewani, pikipiki ikamtupa mtaroni na kumvunja mtulinga, na mchomeleaji alipomfikia alimkuta amekaa kwenye majani, hasikitikii bega, anasema, "Nilisahau hayupo."

Wenzake walimshauri aking'oe kigari, wakasema pikipiki itakuwa nyepesi na itaanza kuwa na heshima kidogo, lakini yeye alikwenda zake nyumbani, akachukua turubai lililobaki mezani kwa marehemu mkewe, akakaa kwenye cherehani yake ambayo hakuwahi kuigusa, akashona gunia, mshono umekwenda kombo kama njia ya mlevi. Alilijaza mchanga mkavu na kulipima kwa mizani ndogo ya ghala la kiwanda hadi likafika kilo sitini na moja, uzito aliokuwa nao mkewe mara ya mwisho alipopimwa ili springi za kigari zirekebishwe, akaliweka kitini, akalifunga mkanda, na kuanzia hapo hakuna mtu mwingine aliyekaa hapo.

Ndugu waombolezaji, msidhani alichanganyikiwa, kwa sababu gunia lilikuwa na kazi yake na kona aliikata salama. Lakini ukweli usemwe, kaka yetu alikuwa mpweke, mpweke wa kukausha koo, na familia ililiona hilo na haikujua pa kushika. Kochi moja lilitolewa sebuleni na pikipiki ikaingizwa ndani na sinia lake, mgeni akikaribishwa anakaa kuitazama, na wakati wa kula meza ilisogezwa upande wa kigari. Mwaka 2007 askari wa barabarani alimsimamisha akamwuliza kwenye gunia kuna nini, marehemu akajibu, "Uzito wa mama watoto," na askari akamshusha, akafungua kamba mwenyewe, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Alipoambiwa habari yote aliifunga ile kamba polepole, akapiga saluti, na haijulikani alimpigia nani.

Wajukuu waliomba wakae, wakaambiwa kiti kina mwenyewe. Binti yake alipoolewa, Jumamosi tarehe 18 Agosti 2012, aliomba jambo moja tu kwa baba yake, apelekwe harusini katika kile kigari kama mama yake alivyopelekwa, na marehemu, baada ya siku tatu, alisema hawezi. Bibi harusi alikwenda kwa gari la kukodi, akilia hadi wanja ukamfika shingoni, na baba yake akafuata nyuma na pikipiki, amevaa suti, gunia kando yake limefunikwa shuka jeupe la pasi. Binti alimkatalia salamu ukumbini, na baada ya hapo kwa miaka mingi alimtembelea kwa wajibu tu, akiwa amesimama, funguo mkononi. Hilo lilimwuma marehemu kuliko mtulinga, alimwambia mdogo wake mara nyingi kwamba anajua amekosea, ila kila akienda kulishusha gunia, mikono inamgomea.

Nao Wazee wa Kiki walipungua, mmoja macho, mwingine magoti, mwingine watoto waliuza pikipiki yake akiwa amelazwa, watatu wakatangulia mbele za haki, hadi ikafika mahali marehemu akienda kituo cha mafuta anakuta majani tu yamechipua kwenye saruji. Alisimama pale kwa muda wa kiungwana, maana huenda mtu amechelewa, kisha akapanda mlimani peke yake. Wachunga mbuzi wa huko juu walimjua, kwa sababu alipofika kwenye bwawa alipunguza mwendo, akanyoosha mkono, akapaza sauti, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Februari 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, na baada ya vipimo madaktari walimkuta na saratani, akaanza matibabu, akawa anapoteza uzito, kutoka kilo themanini na mbili alizokuwa nazo miaka yote. Alijipima mwenyewe kila alipokwenda kliniki na kututajia namba kwa simu kama mtu anayesoma uzito wa lori. Tarehe 5 Septemba 2024 nesi alimpandisha kwenye mizani, akatazama, akainamisha uso, na marehemu aliyasoma yale maandishi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue, akasema, "Hapohapo, usiongeze wala usipunguze." Ilikuwa kilo sitini na moja.

Jioni hiyo alimpigia binti yake, akamwambia, "Jumapili njoo, na uvae suruali." Binti alikuja Jumapili tarehe 8 Septemba akidhani ameitwa kuagwa, akamkuta baba yake amekaa sebuleni na koti la ngozi linalompwaya, na mchomeleaji amesimama kando, na gunia limeshushwa, liko sakafuni. Marehemu alimwambia binti yake kwamba alimnyima siku ambayo hairudi, na kwamba kuomba radhi kwa maneno hajui, lakini kwa miaka ishirini kigari hiki kilikubali uzito mmoja tu, na sasa ameupata, kwa hiyo akae yeye na binti aendeshe. Pikipiki iliamkiwa, binti akapiga kiki, na kwa kumbukumbu za chama iliwaka kwa ya tatu, ingawa majirani waliokuwa kwenye ukuta walihesabu tisa.

Walipanda mlima polepole, kona ya kushoto ikakatwa kwa mkono wa mtu aliyezoea kubeba wagonjwa, na walipofika juu binti, aliyeyakumbuka mambo ya utotoni, alipunguza mwendo, akanyoosha mkono kulia na kupaza sauti, "Baba, unaliona?" Hakujibiwa. Alisimamisha, akadhani yamempata, akamkuta baba yake ananyoosha shingo huku na huku, amekodoa macho, kwa sababu kutoka kwenye kile kiti cha chini, ukitazama kulia, unaona injini, tangi, na goti la anayeendesha, basi, bwawa huoni hata tone. Alimwambia arudi nyuma wapite tena, wakapita tena, hakuliona, wakapita mara ya tatu, hakuliona. Marehemu alicheka hadi akakohoa, na alipomaliza kukohoa alikuwa analia, kilio kile ambacho hatukukiona mwaka 2004, akisema, "Miaka ishirini na tano mama yenu ananiambia analiona." Binti alizima injini, akashuka, akapiga magoti barabarani, wakalia wote wawili, na tangu siku hiyo funguo zake akija kwa baba yake aliziweka mezani.

Alikaa naye hadi mwisho. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 29 Oktoba 2024 hali ilibadilika, akapelekwa hospitali katika gari la wagonjwa lililoendeshwa na mwanawe mwenyewe, na saa moja asubuhi akaaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, akiacha watoto wawili, wajukuu watano, na dada mmoja ambaye sasa hana tena wa kumwambia vipande haviko sawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kwa namna ya pekee yule nesi wa mizani, ambaye hakujua alichotoa. Inawashukuru majirani kwa kuvumilia moshi wa Jumapili, wafanyakazi wa kiwanda kwa kusimamisha malori jana mbele ya kile kibanda, na Wazee wa Kiki waliobaki, ambao ni wawili, na wamekuja kwa teksi kwa kuwa magoti yamewakatalia, lakini makoti wamevaa.

Marehemu aliacha agizo moja, kwamba mchanga wa lile gunia utangulie kaburini kabla ya udongo mwingine wowote, usimwagwe kwa koleo bali kwa mikono ya watoto wake, na kwamba baada ya hapo kiti hakina tena mwenyewe, akae anayetaka. Binti ndiye atakayeirudisha pikipiki nyumbani leo, atapita njia ya mlimani, na haiwezi kwenda na kigari kitupu. Mdogo wake marehemu, aliyekataa kukaa humo tangu mwaka 1976, ameomba apewe nafasi hiyo, uzito wake hautasomwa hapa, na watakapofika juu, mtoto akinyoosha mkono na kuuliza, shangazi yake atajibu analiona, na kwamba ni zuri.

Pumzika, kaka, pumzika kwa amani yote uliyoitafuta mlimani, umemfikia.